Njaa Niliyoidhani Mimba

Biira,

Umetoka kwenda kwa kinyozi kunyoa nywele zote kama walivyoagiza, na baba yako yuko nje anapiga brashi viatu ambavyo utavivaa wewe. Nimepata nafasi. Nimevuta meza karibu na mlango, maharagwe yako kwenye sigiri, na ninaandika haraka kabla hujarudi. Jambo hili nikilisema kwa mdomo utajibu, "Mama, nimesikia," nami nakujua, utakuwa hujasikia.

Sitaandika juu ya sabuni, kufuli la sanduku, wala namna ya kumjibu mkubwa wako. Hayo Afande baba yako amekuambia wiki nzima, na tangu anioe sijawahi kumshinda kwa kutoa amri. Mimi nina jambo moja tu. Siku zako hazijaja kwa miezi minne, kesho unaondoka kwenda mafunzo ya polisi, na umeamua kwamba huko hutamwambia mtu.

Nilijua kwa sababu ya pakiti za pedi. Nilinunua moja, nikanunua nyingine, na zote mbili zilikaa kwenye kabati bila kufunguliwa, chini ya kanga zangu. Hapo nilifanya kile ambacho mama yeyote wa kambi hii ya polisi angefanya. Nilikufuata bombani, nikasubiri mke wa koplo ajaze madumu yake aondoke, nikakuuliza kwa sauti ya chini, "Ni nani?" Wewe hukuelewa. Nikarudia, "Huyo mwanaume ni nani?" Ukasema, "Mama, kila asubuhi mimi naenda kukimbia. Sasa huyo mwanaume nitampata saa ngapi?"

Sikukuamini. Nilikupeleka kwenye kliniki mjini Kasese, ukapimwa mkojo, hakuna kitu. Baada ya wiki mbili nikakurudisha, ukapimwa tena, hakuna kitu. Uliponisamehe ulinisamehe kwa kucheka, na hilo lilinipunguzia aibu. Lakini tulipokuwa tunarudi ulisema neno ambalo mpaka leo linanikaa kooni. Ulisema, "Afadhali hivi. Kule training hiyo mambo itanisaidia na nini? Iende tu."

Ndiyo maana naandika. Hiyo haiendi tu, mwanangu. Najua, kwa sababu mimi iliwahi kunikimbia, nami nilifurahi kuliko wewe.

Hadithi hii hujawahi kuisikia. Masika, dada yako, anaijua nusu tu, na nusu hiyo aliipata kwa mukaka, yaani bibi yako mzaa mama, ambaye hakuwahi kuimaliza bila kucheka.

Masika alipokuwa na miaka mitano tulikuwa bado Bwera. Baba yako alikuwa kituo cha polisi cha Katunguru, anakuja mwisho wa wiki na samaki wamefungwa kwenye gazeti. Mimi nilikuwa nauza nyanya na vitunguu kwenye soko la mpakani mwa Uganda na Kongo. Tulitaka mtoto wa pili, naye hakuja. Unajua majina yetu Wakonzo yanavyokaa kwenye mstari. Wa kwanza akiwa msichana ni Masika, wa pili ni Biira, au Bwambale akiwa mvulana, na hivyo hivyo kwenda mbele. Kwa hiyo mtu akishaitwa Mama Masika, kila mmoja anajua ni jina gani linalofuata, na wanaanza kulidai. Wateja walikuwa wanapima nyanya zangu kwa vidole huku wakiniuliza, "Mama Masika, Biira iko wapi? Ao ni Bwambale?" Waliuliza kwa wema, kama watu wanavyouliza mvua. Mimi nilikuwa nikitabasamu, nikifika nyumbani nalia.

Kanisani kwetu kulikuwa na kikundi cha akina mama cha maombi. Tulikuwa tunapanda kilima cha juu ya Bwera tukiwa tumefunga, tunashinda huko tunaomba, tunashuka jua likiwa limezama. Wengine walifunga siku moja kwa wiki. Mimi nilikuwa na haja kubwa, nikaona na mfungo uwe mkubwa. Nikaongeza siku ya pili, kisha ya tatu, mwishowe ikawa wiki nzima nakunywa maji jioni na kuonja chakula cha Masika tu. Na kazi haikupungua. Niliamka, nikabeba magunia, nikasimama sokoni, nikaenda shambani kwa mukaka kupalilia muhogo, nikapanda kilima. Sketi yangu ya kanisani niliibana kwa pini, baadaye pini mbili. Akina mama waliniambia uso wangu unang'aa. Kwa kweli ulikuwa mifupa.

Kisha mwezi mmoja damu haikuja. Mwezi wa pili haikuja. Nilikuwa nasikia kizunguzungu nikiinama, kichefuchefu asubuhi, na nilikuwa nimechoka mpaka kwenye kucha. Wewe niambie, mwanamke aliyekuwa analilia mimba angefikiri nini? Sikwenda kupimwa. Niliona kupimwa ni kumtilia Mungu shaka. Jumapili moja nilisimama mbele ya kanisa, nikashika kipaza sauti, nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amenikumbuka, Biira yuko njiani. Watu walipiga makofi, mzee mmoja akaangusha fimbo yake. Baba yako alikuwa ameketi nyuma na sare yake, hajui kama acheke au alie.

Na mimi niliendelea kufunga, Biira. Sasa nilikuwa nafunga kwa kushukuru.

Jirani yangu sokoni alikuwa mama mmoja Mkongo aliyekuwa anavuka kila siku kutoka Kasindi na vitenge kichwani. Tulimwita Mama Furaha. Yeye hakupiga makofi. Siku moja alinishika mkono, akauzungushia kidole gumba na cha shahada, vidole vikakutana na nafasi ikabaki.

"Mama Masika," akasema, "mimi nilizala batoto sita. Sijaonaka mimba yenye inakausha mutu. Tumbo iko wapi?"

"Iko bado changa," nikamwambia.

"Changa ya miezi mitatu? Wende ku opitali. Mungu hatakasirika."

Nilimkasirikia, nikamwambia ana wivu. Mtu mwenye watoto sita awe na wivu wa nini, sijui. Lakini neno lake lilikaa. Baada ya siku chache nilianguka sokoni nikiwa nanyanyua kreti. Nilipozinduka, yeye ndiye aliyekuwa ameketi kwenye vumbi ameweka kichwa changu kwenye vitenge vyake vya kuuza. Akaita boda boda, akapanda nyuma yangu kunishikilia nisianguke, tukaenda mpaka hospitali ya misheni kule Kisinga.

Nesi aliyenipima alikuwa mwanamke mtu mzima, Mkonzo kama mimi, asiyeharakisha maneno. Alinipima mkojo, akanipima uzito, akaninyanyua kope za macho. Kisha akaniuliza jana nilikula nini. Nikamwambia maji. Juzi? Nikafikiri, nikamwambia vijiko viwili vya uji wa mtoto. Akaweka kalamu chini.

"Mama, mimba hakuna," akasema. "Wewe ni njaa."

Nilimwambia siku zangu zimesimama. Akasema ndiyo, zimesimama, na njaa ndiyo imezisimamisha. Halafu akaniuliza swali ambalo sijalisahau. "Ukiwa na unga ya kulisha watu ya nyumba tu, na hata hiyo haitoshi, wewe unaenda barabarani kuita wageni?"

Nikasema hapana.

"Basi mwili yako pia inakataa kuita mgeni. Unaiomba ilete mtoto, na chakula unaifichia."

Alinieleza kwa utaratibu, nami nakueleza vile nilivyoelewa. Kwenye kichwa kuna sehemu inayotuma habari chini, kwenye mayai, kwamba sasa ni wakati wa kukomaa. Mtu akipungua sana, au akipungua upesi, au akifanya kazi ngumu na chakula hakilingani na kazi hiyo, sehemu ile inaacha kutuma habari. Yai halikomai, na damu haiji. Mwili unaweka kidogo ulichonacho kwa ajili ya moyo na mapafu, mengine yanasubiri. Wasiwasi mwingi nao unaweza kuleta hali hiyo hiyo, na mimi wasiwasi nilikuwa nao wa kutosha kuuza. Akaniambia pia wanawake hatufanani. Mmoja anapungua nusu ya mwili na siku zake haziyumbi, mwingine anapungua kidogo tu zinapotea. Na kuna wengine zinapotea kwa ugonjwa mwingine kabisa, ndiyo maana mtu hapaswi kujipa jibu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejipa jibu na nikalitangaza kwa kipaza sauti.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniuma. Nilirudi Bwera nikalala ndani. Jumapili sikwenda kanisani, na iliyofuata sikwenda. Akina mama wa maombi walisikia nilianguka na nikapelekwa hospitali, wakajumlisha wenyewe. Wakaja nyumbani na mikeka yao, wakaketi chini, wakaanza kunililia mtoto aliyeharibika. Nami nilinyamaza. Niliwaacha walie. Nilijifunika shuka, nikajisemea kwamba hivi ni rahisi, aibu itapita na mazishi haya yasiyo na maiti.

Ila kati yao alikuwa bibi mmoja mzee aliyejua mambo ya majina kuliko wote. Baada ya maombi akamgeukia mukaka, akasema, "Huyu aliyeenda ndiye wa pili. Jina lake limeenda naye. Mtoto atakayekuja ataitwa jina la wa tatu, Kabugho, ao Masereka." Kuna wazee wetu wanaohesabu hivyo, hata kwa mtoto aliyetoka bila kulia. Mukaka akaitikia kwa kichwa, na wale wengine wakaitikia.

Nilikaa kitandani wima. Walikuwa wanataka kumzika Biira, na Biira hakuwa amewahi kuwepo. Nilikuwa nimekuita kwenye kilima miaka miwili. Singeweza kulala chini ya shuka nikaacha jina lako lipewe kitu kisichokuwepo kwa sababu mimi naogopa kuchekwa. Nikasema kwa sauti, kwa Kikonzo, kila mtu akasikia: hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na njaa. Nilikuwa sili.

Kisha mukaka akasimama, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo, akaniwekea mapajani mbele ya wageni wote. "Kula," akasema, "tukuone." Nilikula, nao wakiniangalia kama watu wanaotazama mgonjwa akimeza dawa. Mmoja alianza kucheka, wa pili akafuata, mwishowe mimi pia nilicheka na sombe mdomoni. Walinitania juu ya jambo hilo mpaka tulipohamia Kasese. Kuchekwa hakukuniua.

Damu haikurudi wiki ile, wala mwezi ule. Hilo sikulitegemea. Nilidhani nitakula siku saba mambo yatarudi. Nilikula bundu na maharagwe, nikala matoke na mchuzi wa karanga, parachichi, samaki wa Katunguru, nikapunguza kilima na magunia, na bado ilichukua miezi kadhaa. Uzito ulirudi kwanza, usingizi ukafuata, halafu hasira zangu zikarudi, baba yako akasema sasa ananitambua. Kisha asubuhi moja sokoni nikaona doa. Nilishukuru Mungu kwa doa lile kuliko nilivyoshukuru kwenye kipaza sauti. Baadaye ukaja wewe, kwa jina lako.

Sasa wewe. Ulipoanza kujiandaa ulikuwa msichana wa kawaida, mwenye mapaja ya ukoo wetu. Mtu akakuambia hutamaliza mbio za usaili na mapaja hayo. Ukaanza kupanda barabara ya Bulembia kila alfajiri mpaka kwenye nyumba za zamani za mgodi na kurudi. Hilo lilikuwa zuri, nilikuona ukirudi na jasho na furaha. Kisha ukaacha chakula cha jioni. Kisha chai ikawa bila maziwa na bila sukari. Kisha ukasema bundu inakulemea. Kambi yote ikakusifu, askari wakikupita wanakupigia saluti ya utani, "Afande Biira." Na mimi nilikusifu pia. Nilikushonea upya kiuno cha sketi, nikakuambia umependeza. Ulikuwa unaniomba nipakue kidogo, nami nilikuwa napakua kidogo. Mimi, ambaye nesi wa Kisinga alinieleza neno kwa neno. Nilikuwa nimeweka somo lile kwenye kabati la mambo ya maombi na mimba, sikujua kwamba msichana anayekimbia naye anaweza kuingia humo. Na nilipoona pakiti za pedi, akili yangu ilikimbilia kwa mwanaume kabla ya kukimbilia kwenye sahani yako. Kwa hilo unisamehe tena, safari hii bila kucheka.

Daktari wa kliniki alituambia mambo uliyoyasikia kwa sikio moja, nayarudia. Damu ikikosekana muda mrefu kwa sababu ya kupungua, mifupa nayo inakosa kitu inachokihitaji, inakuwa dhaifu. Wewe unakwenda mahali pa kuruka, kupiga kwata na kubeba mizigo. Msichana wa namna hiyo anaweza kuvunjika mguu kwa kukimbia tu, bila kuanguka. Pili, kutoona siku zako si kinga ya mimba. Yai linaweza kukomaa siku yoyote kabla hujaona damu, na hutapata taarifa. Tatu, usikubali mtu akupe dawa ya kienyeji ya kuishusha damu, na hata vidonge vya dukani usimeze bila kuandikiwa. Damu inaweza kuja kwa nguvu ya dawa na tatizo likabaki pale pale.

Najua unachoogopa. Unaogopa ukisema, watakuandika mgonjwa na kukurudisha. Nilimweleza baba yako jambo hili jana. Wewe unadhani hajui. Aliendelea kupiga pasi mashati yako, nikafikiri hakusikia. Kisha akasema, "Mwambie akule. Askari ya njaa hapana askari. Na amwambie nesi wa huko. Siku ya kwanza." Nikamwambia akuambie mwenyewe. Akasema, "Hiyo mambo ya wanawake, mimi nitaanzia wapi?" Akarudi kwenye pasi, akaunguza kola. Kwa hiyo ukiona shati moja lina alama ya kahawia, ujue ni hofu ya baba yako.

Mimi sijui kama watakurudisha. Nadhani nesi wa mahali pale ameona wasichana wengi wa hivi, na atakuambia ule, upumzike, urudi kwake. Lakini tuseme nadhani vibaya. Tuseme wanakuambia nenda nyumbani upone kwanza. Basi panda basi uje. Kambi itasema, itanyamaza. Nafasi zitatangazwa tena, nawe utakuwa na miguu ya kuzikimbilia. Mimi niliwahi kuwaacha watu walie kwa sababu ya kuogopa maneno yao, na sikupata faida yoyote. Sitaki uende ukatimize mwaka mzima wa kunyamaza ndani ya sare, unapigiwa makofi kwa wembamba wako, na ndani mwili wako umekata tamaa ya kula.

Nasikia sauti yako nje. Baba yako anacheka kichwa chako. Naikunja karatasi hii niiweke kwenye mfuko wa shati lililoungua, utaikuta huko.

Kesho kwenye basi baba yako atakupigia saluti kwa sababu hajui afanye nini kingine. Mimi nitakukumbatia muda mrefu, na nitakuwa nakupapasa mgongoni. Usidhani ni mapenzi peke yake. Nitakuwa nahesabu mbavu zako, kwa sababu sasa zinahesabika. Siku utakaporudi, na nyota begani au bila nyota, nitakukumbatia hivyo hivyo. Nipe kazi ya kuzitafuta mbavu hizo.

Mama yako